Vita Tulivyopigana kwa Viti vya Plastiki

Watendaji wenzangu vijana, siku mliponiaga pale Kibaha mlinipa saa ya ukutani, kitenge, na hotuba ndefu mno. Saa nimeitundika, kitenge nimekishona, hotuba nimeisahau. Baadaye yule mwenzenu mwenye ndevu akaniomba niandike uzoefu wangu ili msome. Nimekubali kwa sababu siku hizi nakaa Pangani na kuku wangu, na kuku hawaulizi kitu. Lakini msitafute humu habari za madaraja na mishahara. Hizo mnazijua kuliko mimi, maana ndizo mnazoongea kutwa.

Kazi ya mtendaji wa kata ni watu kubishana mbele yako. Mengine yote ni nyongeza. Wanabishania mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mahindi, mchango wa darasa, nani alifulia karibu na kisima. Nimezeekea katikati ya mabishano hayo. Na katika yote niliyoyasikia, ubishi wa kijinga kupita wote haukuhusu shamba wala mbuzi. Ulihusu vita vya watu wengine, kwenye baridi huko, katika nchi ambazo wabishani wenyewe wasingeweza kuzionyesha kwenye ramani ya darasa la nne. Nchi hizo sizitaji. Nikizitaja tu, nusu yenu mtaacha kusoma muanze kubishana. Nawajua.

Nianze mwanzo. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Gwata. Nilifika na begi moja na viatu vya kisigino, viatu ambavyo udongo wa Gwata ulivimaliza kabla ya mwezi kwisha. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, meza iliyokuwa na tofali badala ya mguu wa nne, kabati lisilofunga, na mhuri uliokuwa ukitoa nusu ya maneno. Aliyenikabidhi ni Bwana Mkude, mtendaji aliyekuwa anahama, mtu mfupi aliyekunywa chai tangu anaingia ofisini mpaka anatoka. Faili hakunionyesha hata moja. Alinifundisha jinsi ya kukaa mkutanoni.

Alisema mkutano ukiwaka moto, usipige meza wala usiite mgambo. Simama, fungua muhtasari wa mkutano uliopita, uusome tangu mstari wa kwanza, polepole, kwa sauti ya mtu anayesinzia. Hakuna binadamu anayeweza kuendelea kukasirika huku anasomewa muhtasari. Nikadhani ananitania. Nimeitumia njia hiyo miaka yangu yote na imeniangusha mara moja tu, nitawaambia lini. La pili alilonifundisha ni habari ya viti. Alisema wakalishe watu kwenye mabenchi, kamwe usiruhusu viti vya plastiki. Benchi limekaliwa na watu watano, na anayetaka kulirusha lazima kwanza awaombe wenzake wanne wasimame. Kiti cha plastiki mtu anasimama nacho mkononi.

Mengine nilijifunza mwenyewe. Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya ndugu wawili wa Gwata waliokuwa wakigombea mikorosho ya marehemu baba yao. Walikuja na mashahidi, na kila shahidi alikuwa na baba yake tofauti wa kumtaja. Niliwasikiliza ofisini mpaka kichwa kikaniuma. Mwishowe nikawachukua wote kwenda shambani kwa miguu, saa sita mchana, na nikakataza pikipiki. Tulipofika mkorosho wa tatu, yule mkubwa akamwambia mdogo wake achukue hiyo mitatu basi warudi. Jua la mchana limepatanisha watu wengi kuliko mimi, na halikuwahi kudai posho.

Baadaye nikahamishiwa Chole ya Kisarawe. Wako wanaosikia Chole wakadhani nilipelekwa kisiwani kula samaki. Chole yetu ni mihogo, mikorosho, na barabara ambayo mvua za masika huigeuza mto. Wenyeji ni Wazaramo, Waislamu, watu wa maneno mengi na roho nyepesi. Baadaye wakaja watu wa bara, wakanunua mashamba, wakafungua maduka, wakiwemo Wanyamwezi. Na Mzaramo na Mnyamwezi, kama mnavyojua, ni watani.

Mimi natoka Upareni, utani wa namna ile nilikuwa nausikia tu. Msiba wangu wa kwanza pale niliona mwanamume wa Kinyamwezi amelala katikati ya njia mbele ya jeneza, anasema marehemu alimwahidi sigara na hazikwi mtu hapa mpaka sigara itoke. Nilikuwa nimeshanyanyua simu kumwita mgambo. Mjane mwenyewe, machozi yakiwa bado shavuni, akanishika mkono akacheka, akaniambia, "Mwache mtani, ndiyo kazi yake." Sigara ikatoka, mtani akaamka, akashika jeneza na kulia kuliko wote. Nikajifunza sheria ya pale ambayo haimo katika waraka wowote. Mtani atakuvua kofia, atachukua kuku wako, atakutukana mbele ya mkweo, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, ndiyo umeshindwa. Na kila anachokutendea, nawe una haki ya kumtendea siku yake ikifika.

Sasa nije kwenye vita.

Vilipoanza, Chole ilikuwa na mambo yake mengine. Pampu ya kisima ilikuwa mbovu, zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja, na mdudu alikuwa ameingia kwenye mikorosho. Lakini Bwana Lubala, Mnyamwezi mwenye duka la pembejeo pale njia panda, alikuwa amenunua televisheni kubwa, na wanaume wakaanza kujazana barazani kwake tangu asubuhi. Kabla mwezi haujaisha kila mmoja alikuwa mtaalamu wa vifaru. Lubala alichagua upande. Aliuchagua jinsi watu wanavyochagua timu ya mpira, kisha akatafuta sababu. Akabandika bendera ya nchi ile kwenye gari lake la mizigo, akavaa kofia yenye bendera, na akawa anawaeleza wateja waliokuja kununua salfa ya kupulizia mikorosho jinsi jeshi "letu" linavyosonga mbele. Vijana wakamwita Jenerali. Alifurahi sana. Huyu ndiye mtu aliyewahi kufunga duka kutwa nzima kwa sababu kenge aliingia stoo.

Upande wa pili alisimama Mwalimu Kibwana, mwalimu mstaafu wa historia. Yeye hakuwa na upande, alikuwa na amani. Kila hoja alijibu kwamba wakubwa wale wakae mezani, mpaka jina lake likawa Mwalimu Meza. Alikuwa na sauti nzuri ya mahubiri na kila mara alianza na vita vya zamani kabla ya kufika vya leo, kwa hiyo vya leo mara nyingi hakuvifikia. Angekuwa mtu wa kumheshimu kama hangekuwa hasemi na ndugu yake wa tumbo moja, aliyejenga hatua chache kutoka kwake, kwa sababu ya njia ya kupita kwenda chooni. Wageni aliwataka wakae mezani. Ndugu yake alikuwa hampi hata salamu ya Idi.

Niliwavumilia. Ubishi wa barazani haumdhuru mtu, na nilipopita na pikipiki yangu niliwaamkia, waliokuwa wakubwa kwangu shikamoo, wadogo mambo, nikaenda zangu. Watu walikuwa wanaacha kusalimiana kwa ajili ya mto wa huko vitani ambao jina lake walikuwa hawawezi kulitamka. Nilicheka. Niliendelea kucheka mpaka siku Bi Mwanahawa alipoingia ofisini.

Bi Mwanahawa ni mjane wa Kizaramo, mkulima wa mihogo, nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, mkabala na ua wa Lubala. Alikuwa na mtoto mmoja, Ramadhani. Kijana huyo alikuwa amesafiri kwenda kufanya kazi kiwandani nje, kupitia wakala aliyekuwa na tai na maneno laini. Kule akasainishwa mkataba wa lugha asiyoijua, na kazi ya kiwandani ikageuka kuwa ya bunduki, upande uleule wa bendera ya Lubala. Habari ilipofika Chole, Jenerali alitembea kifua mbele wiki nzima. Akawa anasema kijana wetu yuko mstari wa mbele. Hakuwa amewahi kumpa kijana huyo hata lifti.

Siku ile Bi Mwanahawa aliweka simu mezani kwangu, akaniomba nimsaidie kuifungua video aliyotumiwa. Ramadhani alikuwa amekaa kwenye kiti, amekonda, amevaa koti la mtu mkubwa kuliko yeye. Alikuwa ametekwa na upande wa pili. Alitaja jina lake, la baba yake, akasema anatoka Chole, Kisarawe, Tanzania. Mama yake akaniomba niirudie hapo aliposema Chole. Akasema, "Katutaja, mama. Nilidhani katusahau."

Nikampigia simu mtu ninayemfahamu, naye akamwelekeza Bi Mwanahawa kwenye ofisi inayohusika. Alipanda gari akaenda, akarudi na jibu lililonyooka. Pande zile mbili, pamoja na kupigana, wakati mwingine zinaafikiana kubadilishana mateka. Mgeni anaweza kuingizwa katika kubadilishana huko endapo nchi yake itamwombea. Lakini pasipoti ya Ramadhani ilipotea vitani na cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho. Basi ukatakiwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaosema huyu ni mtoto wa hapa, tumemzaa na kumlea sisi. Ukipatikana, jina lake linaingia kwenye maombi. Usipopatikana, anabaki huko, mtu asiye na kwao.

Kazi nyepesi kuliko zote, mtasema. Na mimi nilidhani hivyo. Wakati huo nilikuwa pia nakaimu utendaji wa kijiji, kwa hiyo mkutano ulikuwa mikononi mwangu. Nikamwambia Bi Mwanahawa asiwe na wasiwasi, nitaliweka jambo lake la tatu, baada ya pampu na kabla ya mikorosho.

Nilipofika uwanjani nikakuta mabenchi yameondolewa. Lubala alikuwa amekizawadia kijiji viti vya plastiki, vyekundu, na mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa ameketi kwenye kimoja anatabasamu. Nilijua hapohapo. Lakini utamwambia nini mwenyekiti aliyepewa kiti?

Pampu ikapita. Nikasoma jambo la tatu kwa maneno machache, nikaomba wanaomtambua Ramadhani wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda. Hapo Jenerali akasimama na kofia yake. Alisema hapingi, ila kijiji kisiombe mtu kabla ya kutamka kinasimama upande gani, kwa sababu kubadilishana mateka ni mazungumzo, na mazungumzo ni kuwapa adui nafasi ya kupumua. Vita viendelee mpaka ushindi, akasema, na ushindi ukifika Ramadhani atatoka mwenyewe. Kisha akageuka kwa Bi Mwanahawa, na kwa kuwa ni mtani wake, akamwambia mbele ya mkutano mzima kwamba mwanajeshi wa kweli hajisalimishi, na mtoto aliyekuwa akishindwa kukimbiza kuku pale uani alikwenda vitani kutafuta nini. Watu wakacheka. Baadhi waliangalia chini, lakini walicheka. Mimi nikamwambia aache. Akanijibu, "Mama Mtendaji, wewe mgeni. Huu ni utani, na utani hauna mwisho."

 Bi Mwanahawa hakuruhusiwa kukasirika na hakukasirika. Alivuta ushungi wake akakaa.

Mngedhani Mwalimu Meza angemsaidia, maana ndiye mtu wa mazungumzo. Alisimama akasema haiwezekani kumwombea mtu mmoja bila kwanza kulaani vita vyote. Akatoa mfukoni tamko la amani aliloliandika mwenyewe, akataka lipitishwe neno kwa neno. Akaanza kusoma. Alikuwa bado karne nyingine kabisa Jenerali alipomwita mwoga. Na hapa naomba muandike mkumbuke: aliyerusha kiti cha kwanza ni mtu wa amani. Kilipita juu ya kofia ya Jenerali kikamwangukia mwenyekiti. Baada ya hapo vilikuwa vinaruka tu, vyekundu, watu wazima wenye wajukuu wanapigana kwa ajili ya nchi zisizowajua, wengine wakipiga kelele tuunge mkono na wengine wakae mezani. Nikasimama na muhtasari wangu, nikaanza kusoma tangu mstari wa kwanza, polepole. Ndiyo ile mara moja niliyowaambia. Nilifika kwenye orodha ya waliohudhuria kiti kikanipokonya miwani.

Mkutano ukavunjika. Jambo la tatu halikupita. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu, na wa dharura ulihitaji idhini ya mwenyekiti, ambaye alikuwa amelala kwake na bandeji, anasema hataki kuwaona watu wa Chole mpaka wapoe. Nilimwendea mara mbili, mara zote mkewe aliniambia amelala. Niliwaendea Jenerali na Mwalimu Meza nikawaeleza kwa upole kwamba kuna kijana huko anasubiri. Kila mmoja alikubali kwamba ni jambo la kusikitisha, akanieleza jinsi mwenzake alivyokosea. Nilitoka pale na hasira. Nimewahi kuwasikiliza wezi wa mbuzi wakijieleza, na walikuwa na haya kuliko wale wawili.

Ndipo ikafika harusi ya Deo.

Deo ni mtoto wa kwanza wa Lubala, kijana mpole anayefanya kazi Kibaha, aliyesoma darasa moja na Ramadhani. Walitoka kanisani mchana, uani kwa Lubala kukawa na turubai, spika, mshereheshaji wa kukodi, na meza ya maharusi yenye vitambaa vya rangi ya bendera ileile. Kijiji kizima kilialikwa. Nami nilikuwepo, nimekaa na sahani yangu ya pilau, ndipo nikasikia ngoma za sufuria zinavuka barabara.

Bi Mwanahawa aliingia mbele, nyuma yake wanawake wa Kizaramo wa kila umri. Mshereheshaji akafurahi, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba watani wamefika, wapishwe. Watu wakapiga makofi, kwa sababu harusi bila watani imepooza. Bi Mwanahawa akaenda moja kwa moja mpaka meza ya maharusi, akamfunga Deo kanga kwenye kifundo cha mkono, akamwinua. Kisha akamgeukia Lubala.

"Mtani," akasema, "umesema vita viendelee mpaka ushindi. Vita vinataka watoto. Mimi wangu nimeshatoa, leo nimekuja kumchukua wako."

Ua mzima ulicheka, na Lubala alicheka kuliko wote. Deo akaondoka naye bila kuvutwa. Wakavuka barabara, wanawake wakakaa mlangoni kwa Bi Mwanahawa, ngoma ikaendelea.

Desturi ni kwamba mateka wa utani anakombolewa. Lubala akapeleka kreti ya soda. Wanawake wakanywa soda, Deo hakurudi. Akapeleka vitenge. Wakajifunga vitenge, Deo hakurudi. Akapeleka beberu. Wakamfunga beberu kwenye mpera, wakashukuru, Deo hakurudi. Keki ilikuwa mezani, bibi harusi amekaa peke yake na shela lake, na shangazi zake waliotoka mbali walikuwa wameanza kuulizana kwa sauti ya chini binti yao ameolewa kwa watu gani. Mshereheshaji aliishiwa maneno akaweka muziki. Nikaona watu wanaacha kucheka mmoja mmoja.

Lubala akavuka barabara mwenyewe, na suti yake na kofia yake. Nami nikamfuata, sikutaka kusimuliwa. Alimwambia Bi Mwanahawa imetosha, utani una mwisho wake. Bi Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye mkeka anapepeta mchele. Akamjibu bila kuinua uso kwamba mkutanoni alisikia hauna.

Lubala alitaka kupita. Wanawake hawakumgusa, ila hawakusogea. Kupitia mlango tulimwona Deo amekaa kwenye kigoda anakula muhogo wa nazi. Alimwona baba yake akashusha macho. Hapo ndipo nilipomwona Jenerali anatoka jasho. Mtoto yuko ng'ambo ya barabara tu, ameshiba, hana hata mkwaruzo, na baba tayari sauti inamkatika. Asingeweza kukasirika, maana kila mtu alikuwa anamtazama na yeye ndiye aliyeanza.  Halafu akavua kofia, akaketi kwenye mkeka.

Akasema, "Mtani, nipe mwanangu. Sema unachotaka, tuzungumze."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanahawa aliweka ungo chini. Akamwambia hataki mbuzi, amchukue beberu wake. Mkutano utakapoitishwa asimame aseme Ramadhani bin Saidi ni mtoto wa Chole. Aseme hivyo, akae, asitaje vita. Na mwenyekiti ni rafiki yake aliyempa kiti, basi amwambie aitishe wiki hii. Lubala akauliza kwa sauti ndogo kama hivyo tu vinatosha.

"Vinatosha," akasema. "Wewe umekaa hapa kitambo hiki umeona tabu, na mwanao unamwona. Mimi wangu namwona kwenye simu."

Lubala alilia. Naandika kama nilivyoona. Alilia kama watu wanavyolia msibani, na Bi Mwanahawa ndiye aliyemfuta na ncha ya kanga. Deo akarudi, keki ikakatwa.

Mkutano ukaitishwa wiki ileile, kwenye mabenchi, hilo nilihakikisha mwenyewe. Lubala akasimama akasema sentensi yake akakaa. Mwalimu Meza akainua mkono ili aongeze jambo, na ndugu yake wa tumbo moja, aliyekuwa nyuma yake, akamshika shati akamkalisha. Mikono yote ikapanda. Mhuri wa Chole, uliokuwa mbovu kama ule wa Gwata, siku hiyo ulitoa maneno kamili.

Kama mnafikiri hapo watu walibadilika, bado hamjakaa kazini vya kutosha. Lubala alikuwa kimya mpaka masika yalipoisha, kisha kofia ikarudi kichwani na televisheni ikaongezwa sauti. Mwalimu Meza alirudi kwenye karne zake. Miezi ikapita. Zile pande mbili zikakaa pamoja kwa ajili ya mateka tu, zikabadilishana, zikarudi kupigana. Ramadhani akawa kwenye ile orodha. Akaja nyumbani mwaka wangu wa mwisho kazini.

Barazani wote wawili walidai ndio waliomrudisha. Jenerali alisema adui aliogopa nguvu zetu. Mwalimu Meza alisema ni tamko lake, ambalo inasemekana alilituma mahali. Bi Mwanahawa hakutajwa.

Siku chache baadaye nilikuwa dukani kwa Lubala nanunua misumari. Ramadhani akaja, ametumwa sukari na mama yake. Wakamvamia kwa furaha, wakamkalisha kwenye benchi, wakamwagizia chai. Jenerali akamwuliza nani anashinda. Ramadhani akasema hajui. Alisema kule walipokuwa waliambiwa waende mbele kwenye uwanja mmoja, siku nyingine warudi nyuma kwenye uwanja uleule, na wenzake wakawa wanapungua. Jenerali akatikisa kichwa. Akamwambia kwa huruma kabisa kwamba hapo hakuelewa, kwa sababu ramani inaonyesha jeshi letu lilikuwa linasonga. Akaanza kumweleza. Mwalimu Meza akaruka akasema maneno ya kijana yanathibitisha alichokisema siku zote, na kabla hajafika nusu walikuwa wamesimama wote wawili, wamempa mgongo, wananyoosheana vidole mbele ya televisheni.

Ramadhani alikuwa anakitazama kikombe chake. Nikaona kwa nini hakunywa. Mikono ilikuwa inamtetemeka hivi kwamba angekishika tu chai yote ingemmwagikia, naye aliona haya kumwomba mtu. Nilitamani nikichukue niwamwagie wale wazee. Badala yake nikaweka misumari chini, nikakaa karibu naye, nikamshikia kikombe. Alikunywa mpaka kikaisha, polepole, nami nikawa nampangusa kidevuni kama mtoto, na muda wote huo hakuna hata mmoja wao aliyegeuka.